Fomu ya Madai

Afisa Biira amekuja na pikipiki ya serikali,
tope la Kagadi limempanda hadi magotini,
fomu zake ndani ya mfuko wa nailoni.
Ni Mkonzo, kwao hakuna empaako,
lakini amejifunza kuniita Araali
kabla hajatoa kalamu.
Kisha anaendelea kwa Kiswahili,
lugha ambayo hapa kwetu huvaa magwanda,
ila kinywani mwake imevua buti.

Aina ya mnyama? Sokwe.
Idadi? Sita, na mtoto mmoja mgongoni.
Saa? Moja kasorobo, asubuhi, moto haujashika.
Mali iliyoharibiwa?
Mikungu mitatu ya ndizi za pombe.
Fenesi moja, kubwa kama mbuzi mwenye mimba.
Mtungi wa tonto, ilikuwa haijakomaa;
waliinywa hivyohivyo, Afisa, wakapiga kelele
kama madiwani siku ya posho.
Kicheko kinamponyoka. Hakiandiki.

Majeruhi?
Mjukuu wangu Kwebiiha, miaka minne.
Alivutwa mguu mpaka ukingo wa mihogo,
mama yake akapiga sufuria, akapiga,
akaachiwa.
Nyuzi kumi na moja.
Siku hizi halali bila kuvaa viatu.

Halafu maagizo, ambayo nayajua kama sala:
maganda yafukiwe,
mtoto asiende mtoni peke yake,
mti wenye matunda karibu na nyumba uondolewe,
usikimbie, usirushe jiwe, piga simu.
Nilipiga. Simu ilinitangazia mikopo
mpaka nikachoka kuishika.
"Tuko wanne," anasema, "wilaya nzima.
Na pikipiki ndiyo hii."

Namwonyesha bonde.
Pale palikuwa na msitu wa kupotea mchana.
Leo ni mikaratusi ya mtu wa Hoima,
na miwa, na, nisijifiche, mahindi yangu.
Anatazama. Fomu haina mstari wa bonde.

Anayewatangulia hana kiganja cha kushoto.
Watoto wamempa jina: Kigutu.
Huukwea mfenesi wangu kwa kiwiko, polepole,
kama mgonjwa anayepanda ngazi za hospitali,
huangusha fenesi, hushuka, hukaa kando,
wadogo wanakula kwanza.

Biira ananiuliza, macho yake si kwenye karatasi,
kama najua kilichomkata.

Waya, nasema.
Waya wa breki ya baiskeli.
Nilimtegea nguruwe mwitu,
mwaka ule mihogo ilipooza ardhini
na ada ya shule haikutaka hadithi.
Asubuhi nilikuta kiganja tu.
Mistari yake kama yangu.
Kucha safi kuliko zangu.
Nilikizika chini ya mfenesi,
mke wangu hajui.

Anaifunika kalamu.
Sheria anaijua, na mimi naijua,
na mvua ya upande wa Muziizi
inakuja juu ya mabati bila kuuliza mtu.
Tunasubiri ipungue.
Kwebiiha anapita na viatu vyake,
kimoja cha dada yake,
anachukua kiazi, anarudi ndani.

"Huo mfenesi," anasema hatimaye,
"uko hatua ngapi kutoka mlangoni?"
Kumi na mbili.
"Ukatwe."
Hilo analiandika.

Natia dole gumba kwenye wino,
naliweka palipoandikwa Mdai.
Pana nafasi hapo, mbele ya neno,
ya kutosha herufi mbili.
Anaiona. Anakunja karatasi,
anairudisha kwenye nailoni,
anapiga teke pikipiki mara tatu ndipo inakubali.

Kesho nitaazima shoka kwa Tibenderana.
Keshokutwa, saa moja kasorobo,
Kigutu atashuka kutoka kwenye kipande chake cha msitu,
na wadogo nyuma yake,
atanyoosha kiwiko,
atakuta kisiki.